Gari Lililonyweshwa Uji

Ubaya wa kuwa mtu wa mzaha ni huu: siku ukisema kweli, watu wanashika mbavu. Nasema mapema ili anayesoma ajue hasira iliyo humu si ya leo. Ilianza mwezi wa saba mwaka jana, kwenye ile baridi ya kutoa moshi mdomoni, na mpaka sasa haijapoa. Kilichopoa ni hita ya gari la baba. Hiyo ilipoa vizuri sana.

Gari lenyewe lilikuwa vani ndogo ya kijani. Baba aliinunua kwa mzungu mmoja wa kahawa, upande wa Ruiru, aliyekuwa anarudi kwao. Mbele lilikuwa na viti viwili, na katikati pengo ambalo baba aliliita kiti changu. Chini ya dashibodi kulikuwa na kisanduku cheusi chenye matundu, na hicho ndicho kilichotuletea wageni kijiji kizima. Baba alikuwa akizungusha kitufe, kisanduku kinanguruma, halafu kinapuliza upepo wa moto.

"Weka mkono hapo," baba alikuwa akiwaambia wageni, kifua mbele kama yeye ndiye aliyeupika huo upepo.

"Ngai!" jirani mmoja alisema. "Kwa hivyo mzungu alitoka Ulaya na joto lake kwenye kasha?"

"Aliogopa letu lina mbu," nikasema. Wakacheka. Wakati ule nilikuwa bado napenda wakicheka.

Sisi tunakaa Kalimoni, na baba ana duka Ruiru. Kila wiki alikuwa akienda Thika kuchukua sukari, chumvi na sabuni. Kuhusu namna hita inavyofanya kazi, baba alinieleza mwenyewe, na ninamshukuru, kwa sababu maelezo hayo ndiyo yaliyokuja kumfunga. Injini ina maji ya kuipoza. Maji hayo yakipata moto, sehemu yake inapita kwenye mpira mmoja mpaka ndani ya kile kisanduku, inazunguka kwenye vijibomba vyembamba kama mabua, halafu inarudi kwenye injini kwa mpira wa pili. Feni ndogo inapuliza kwenye vijibomba. Basi, hakuna uchawi. Hita ni maji ya injini yaliyokuja kutembea.

Mwezi wa sita radieta ikaanza kuvuja. Tone, tone, tone, kila mahali baba aliposimama aliacha alama, kama mbuzi jike. Fundi angetaka aliache gari siku kadhaa, na baba hakutaka kuonekana Ruiru akitembea kwa miguu baada ya majivuno yote yale. Akanung'unika mbele ya Cucu, mama yake. Cucu amefinyanga vyungu tangu usichana wake, na akamtazama baba kama anavyomtazama mtoto aliyeshindwa kufunga kamba.

"Chungu kipya kikivuja tunafanyaje?" akauliza.

"Mama, hiki si chungu."

"Nimekuuliza tunafanyaje?"

Baba akajibu kama yuko katekisimu. "Tunakipikia uji mwepesi."

"Na uji unafanya nini?"

"Unaingia kwenye vitundu, unaziba."

"Sasa shida iko wapi?"

Mtu asiyetoka kwetu atacheka hapo. Asicheke. Ni kweli kabisa kuhusu vyungu. Chungu kisichopikiwa uji kwanza hakishiki maji. Nilikuwa nyuma ya ghala nikitafuta yai la kuku mwenye tabia mbaya, nikaona kila kitu. Cucu alikorogea uji wa wimbi kwenye debe, mwepesi, wa rangi ya udongo. Baba akaumimina kwenye radieta kwa faneli, akitazama huku na huku kama mwizi wa mbuzi. Halafu akawasha injini uive. Nikacheka mpaka nikagonga kichwa kwenye nguzo ya ghala, ndipo waliponiona.

"Hayo ni mambo ya nyumba," baba alisema, kidole kikiwa karibu na pua yangu. "Hayatoki hapa. Hata mama yako asisikie."

Na kusema kweli, radieta iliacha kuvuja. Kesho yake Cucu akapata pasi yake ya kusafiri, maana siku hizi za hali ya hatari huendi popote bila pasi, akaenda Murang'a kwa dada yake akiwa ameshinda. Hakurudi mpaka mwezi wa nane. Shahidi wangu mmoja wa kuaminika akawa ameondoka hivyo.

Siku chache baadaye mama akafungua mtungi wake wa unga na kukuta umepungua. Ulikuwa unga wa wimbi aliopewa na dada yake, na alikuwa ameuhifadhi kwa ajili ya wageni. Hakuuliza ni nani. Kwetu hakuna swali la namna hiyo. Aliniita.

"Umewapelekea marafiki zako shuleni?"

"Hapana, mama. Ulinywewa na gari."

Kofi lilifika kabla sijafunga mdomo. Baba alikuwa amekaa pale pale, na akaanza kukagua dari kana kwamba ina maandishi. Nikapewa kusugua sufuria zote za nyumba mpaka mwisho wa muhula. Dari yetu ni ya mabati, haina maandishi. Nimeikagua tangu hapo.

Sasa nieleze habari ya majogoo, kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini mambo haya hayakuwa ya kucheka tu.

Mama alikuwa kiongozi wa chama cha akina mama pale kijijini. Bibi mmoja wa idara ya kilimo alikuja akawafundisha habari za kuku wa kizungu, wale weupe wanaotaga kila siku kama walioandikwa kazi. Lakini alisema lazima majogoo wa kienyeji waondoke wote kwanza, wasije wakachanganya damu. Akina mama wakasitasita. Jogoo ni jogoo. Mama akasimama akaongea, na mama akiongea, hata paka anakubali. Nyumba moja baada ya nyingine, majogoo wakaingia sufuriani. Wa kwanza alikuwa wetu. Kijiji kizima kikabaki bila wa kuwika. Wanaume walioajiriwa kwenye viwanda vya Thika wakawa wanachelewa kazini na kumlaumu mama.

Vifaranga wangekuja kwa treni mpaka stesheni ya Thika, wa siku moja tangu waanguliwe, kwenye maboksi yenye matundu, mara mbili: mwanzo wa mwezi wa saba, na mwisho wake. Bibi wa kilimo alionya kitu kimoja tu. Wasipigwe na baridi njiani.

"Hiyo niachie mimi," baba alisema. "Nina hita."

Tulienda tukiwa watatu. Asubuhi ilikuwa ya ukungu, manyunyu yanaanguka, na milima haionekani. Mama alipokea boksi pale stesheni kama mtu anayepokea mtoto kutoka kwa mkunga. Lilikuwa linalia lote, chi-chi-chi, likitikisika. Akaliweka mapajani, matundu yakielekea kwenye kisanduku cheusi. Baba akazungusha kitufe.

Upepo ukaja. Wa baridi.

"Ngoja injini ipate moto," baba akasema.

Tukavuka mto, tukapita mashamba ya mkonge, tukaanza kupanda. Injini ilipata moto sawasawa, mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye alama nyekundu. Upepo ukabaki ule ule. Miguu yangu ilikuwa inakufa ganzi huku mbele yetu boneti inatoa mvuke kama sufuria ya githeri. Nikasikia harufu.

"Baba, uji unaungua."

"Nyamaza. Watu wanachoma majani huko."

Majani gani yanaungua kwenye manyunyu? Gari likasimama lenyewe kabla ya Juja. Baba akafungua boneti akarukiwa na mvuke, akarudi nyuma akimlaani mzungu wa watu aliye mbali. Ilibidi tungoje injini ipoe ndipo tuongeze maji. Askari wa kizuizi cha barabarani wakaja wakataka pasi zetu, wakataka kujua kwa nini tumesimama, wakataka boksi lifunguliwe. Mama akakataa kufungua. Akawaambia waweke sikio. Askari mmoja akaweka sikio, akasema wanaimba vizuri, akaondoka. Mama aliingiza vifaranga wengi kadiri alivyoweza ndani ya sweta lake, kwenye shingo na mikononi. Mimi nikaingiza wengine kwenye koti langu la shule. Waliobaki boksini wakaendelea kulia, halafu wakalia polepole, halafu tukawa tunasikia manyunyu tu juu ya gari.

Tulipofika, akina mama walikuwa wamejipanga langoni. Mama alipita katikati yao, akaenda nyuma ya nyumba, akafungua boksi akiwa peke yake. Waliopona walikuwa wale wa kwenye nguo, na hata kati ya hao, baadhi hawakuuona usiku. Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali. Mama mmoja mzee alisema tu, kwa upole sana:

"Sasa tutaamshwa na nani, mama wa watu?"

Jioni mama aliniambia kwamba boksi la pili likifika hivyo, hatakanyaga tena mkutanoni, wala kanisani hatakaa benchi la mbele. Hakuwa analia. Alikuwa anachambua maharagwe, akitupa na yale mazuri.

Nikamwambia tena. "Mama, nisikilize. Baba na Cucu walitia uji wa wimbi kwenye gari. Ndiyo sababu."

Akaacha kuchambua. "Hata leo?" akasema. "Hata leo unaweza kufanya mzaha?"

Nikarudi kwenye sufuria zangu.

Baba alilipeleka gari kwa fundi mmoja Kiganjo, pembezoni mwa Thika. Mtu wa magharibi, mwenye kicheko cha ngoma, ambaye mchana alitengeneza malori ya kiwanda na jioni alitengeneza magari ya watu chini ya mti wa mukima. Nilikuwa nikitoka shule napitia hapo, kwa sababu baba alitaka mtu wa kuangalia asiibiwe spea tairi. Kwa hivyo niliona uchunguzi wote. Kama kuna adhabu kubwa kuliko ya sufuria, ni hiyo: kukaa juu ya spea tairi, unajua jibu, na watu wazima wawili wanalitafuta kila mahali isipokuwa lilipo.

Fundi hakuwa mjinga. Nataka hilo lieleweke. Alianza vizuri.

"Injini inachemka, hita ni baridi," alisema. "Hiyo ni maji hayafiki. Ama ni kidogo, ama kuna hewa imekwama."

Akafungua mfuniko wa radieta. Maji yalijaa, rangi ya udongo. Akachovya kidole.

"Kutu. Hii gari ni mzee."

"Si kutu," nikasema. "Ni wimbi."

Fundi akanigeukia. "Ati nini?"

"Wimbi. Ilinyweshwa uji. Muulize mwenye gari."

Fundi alicheka mpaka akaegemea mti. Akawaita vijana wawili waliokuwa wakitengeneza baiskeli waje wasikie. "Uji! Na sukari iliwekwa?" Akamgeukia baba akijifuta machozi. "Bwana duka, huyu binti yako umemtoa wapi?"

Baba naye akacheka. Hicho ndicho kilichoniuma. Alicheka kile kicheko cha pembeni cha mdomo, akasema, "Huyo? Huyo ndivyo alivyo. Wewe angalia pampu."

Wakaangalia pampu. Ilizunguka kama kawaida. Wakaangalia mkanda wa feni. Ulikuwa umelegea kidogo, ukakazwa. Wakaliegesha gari mlimani, pua juu, likaungurumishwa na mfuniko wazi ili hewa itoke. Hewa haikutoka kwa sababu haikuwamo. Tukajaribu barabara mpaka karibu na Ruiru. Likachemka. Tukarudi.

Siku ya pili fundi akatoa themostati. Hicho ni kidude kidogo kama kifuniko cha chupa chenye spring, kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto. Kikikwama kimefungwa, injini inachemka. Alikitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, tukakichungulia sote watatu kama watu wanaosubiri chai. Maji yalipochemka kikafunguka polepole, sawasawa, bila kosa lolote.

"Ni kizima," fundi akasema.

"Basi kirudishe," nikasema.

"Aaa. Hii ni ya Ulaya. Huku hatuihitaji." Akakitupa kwenye kopo la misumari. Ndivyo mafundi wengi wanavyofanya. Kitu kikishatajwa kesini, hata kikionekana hakina hatia, hakirudi nyumbani.

Aliisafisha radieta kwa maji baridi, ikatoka michirizi ya kahawia. "Kutu," wakasema pamoja, kama kwaya. Tukajaribu barabara. Likachemka.

Nikaamua kunyamaza na kutumia mikono. Injini ikiwa ya moto, nilishika ule mpira unaoingia kwenye hita, karibu na injini. Uliniunguza. Nikashika mpira unaotoka. Ulikuwa baridi kama pua ya mbwa. Nikaurudia wa kwanza, nikiufuata kwa vidole kuelekea kwenye kisanduku: moto, moto, vuguvugu, baridi. Mahali unapobadilika palikuwa pagumu ukipabonyeza, kama ndizi mbichi. Nikamwita fundi.

"Bonyeza hapa."

"Toka huko, utaungua."

"Nimeshaungua. Bonyeza."

"We msichana, nenda ukafanye hesabu za shule. Mpira mzee unakuwa mgumu."

Baba akaongeza kwa Kikuyu kwamba nikifungua mdomo tena nitarudi nyumbani kwa miguu. Lakini macho yake hayakuwa ya hasira. Yalikuwa yananiomba. Alijua, tangu siku ya kwanza alijua, lakini angesema nini sasa? Amwambie fundi wa malori kwamba alipikia gari uji? Habari hiyo ingefika dukani Ruiru kabla yake, na ingemkaa mpaka kaburini. Kila siku aliyonyamaza iliifanya siku inayofuata kuwa ngumu zaidi kusema. Nilimwelewa. Sikumsamehe, ila nilimwelewa.

Jumamosi ya boksi la pili ikafika. Asubuhi na mapema tulikuwa Kiganjo, mimi na baba na mama. Mama alibeba mablanketi mawili na chungu chenye mawe ya moto yaliyofungwa kwa majani ya migomba, kwa sababu alikuwa ameacha kuamini hita, na labda alikuwa ameacha kuamini watu. Treni ilikuwa ya saa nne.

Fundi alitupokea kwa uso wa msiba. "Bwana duka, imebaki gasketi. Ile ya kichwa cha injini. Hiyo ni kufungua kila kitu. Jumanne hivi."

"Jumanne?" mama akasema. Ilikuwa mara ya kwanza fundi kumwona. "Vifaranga wanafika leo."

"Mama, gari haijui treni."

Mama akainua chungu chake, akakiweka kichwani. "Nitawabeba kwa miguu." Kutoka stesheni ya Thika mpaka Kalimoni, katika baridi ile, na boksi. Na alikuwa amemaanisha. Tayari alikuwa ameligeuzia gari mgongo.

Nikasimama mbele ya fundi. Nilikuwa nimeona ovaroli lake kwa wiki nzima. Lilikuwa linaweza kusimama bila yeye. Mke wake alikuwa kwao magharibi, na kila jioni alilalamika habari ya kufua.

"Fundi, tuweke dau," nikasema. "Fungua ule mpira wa hita. Mmoja tu. Kama si wimbi, nitakufulia ovaroli mpaka Krismasi."

Vijana wa baiskeli wakapiga mluzi.

"Mpaka Krismasi?" fundi akauliza.

"Na soksi."

"Bwana duka, umesikia? Wewe ni shahidi."

"Hakuna haja ya..." baba akaanza, lakini fundi alikuwa ameshachukua bisibisi. Hakuwa anatafuta ugonjwa wa gari tena. Alikuwa anatafuta soksi safi. Nimejifunza hapo kwamba mtu asiyeweza kukuamini anaweza kutamani kukushinda, na mara nyingine inatosha.

Akalegeza kikaza, akauvuta mpira. Tulitega debe chini kukinga maji. Hakuna kilichotoka. Hata tone. Fundi akakunja uso, akachungulia, akaingiza waya, akavuta. Kikatoka polepole kitu cha kahawia, kinene kama kidole gumba, kirefu, kikavunjika na kuanguka ndani ya debe kwa sauti ya kinyesi cha ng'ombe. Harufu ikatufikia sote kwa pamoja. Uji uliochacha, kisha ukaungua.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimengoja siku zote hizo, na sasa hakuna aliyecheka, hata mimi.

Mama alitua chungu. Akachuchumaa kwenye debe, akachukua kidogo kwa vidole viwili, akakisugua kama anavyosugua unga sokoni kabla ya kununua. Akanusa.

"Hii ni wimbi ya dada yangu," akasema.

Baba alikuwa anakagua mukima, tawi kwa tawi.

"Baba," nikasema, "sema."

"Ni mama," baba akasema mwishowe. "Alisema chungu kipya..."

"Gari ni chungu?" mama akamuuliza. Hakupaza sauti. "Na mtoto umemwacha apigwe. Na mimi umeniacha nipite katikati ya wale wanawake."

Fundi alikohoa, akasema kwa heshima sana kwamba labda sasa angeweza kuchokonoa na vile vijibomba vya hita kwa waya.

"Utachokonoa mpaka lini?" mama akasema akisimama. "Sufuria ikiungua uji, mnaichokonoa kwa waya? Inalowekwa kwa magadi." Akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza aliponitazama usoni tangu boksi la kwanza. "Kimbia dukani. Magadi, yote waliyo nayo."

Nikakimbia. Niliporudi walikuwa wamechemsha maji kwenye madebe mawili. Tukayeyusha magadi, tukajaza injini, fundi akaiwasha, ikanguruma, akafungua chini, ikatapika uji. Mwanzo mzito, halafu mwepesi, halafu maji machafu. Tukarudia. Kwenye hita fundi alifunga pampu ya baiskeli mahali pa mpira, akamwambia baba ashike kitambaa upande wa pili, kisha akasukuma kwa nguvu za mtu aliyekosa soksi. Kitambaa kilishindwa. Baba alikuwa amevaa shati jeupe, kwa sababu ya stesheni. Nitasema tu kwamba liliacha kuwa jeupe, na kwamba mama aliona na hakumpa leso.

Uji ulipotoka, tundu la zamani lililokuwa limezibwa nalo likafunguka. Radieta ikaanza tena: tone, tone. Fundi akaleta habari ya kulehemu, lakini treni ilikuwa imeshapiga honi kwa mbali.

"Ivuje," mama akasema. "Inayovuja inaongezwa maji. Ingieni."

Kwa hivyo tulichukua boksi stesheni, tukasafiri na debe la maji katikati ya miguu yangu na kopo mkononi. Boksi lilikuwa mapajani mwa mama, likipiga kelele kama shule wakati mwalimu ametoka. Baba alizungusha kitufe kwa vidole viwili, kama mtu anayegusa nyoka aliyeambiwa amekufa.

Upepo ukaja baridi. Tukavuka mto. Mama alikuwa ameweka kiganja chake mbele ya matundu. Sikuutazama mshale, nilitazama kile kiganja. Tulipofika kwenye mkonge, vidole vyake vikafunguka kidogo. Nikaweka changu kando ya chake. Ulikuwa upepo mdogo, vuguvugu, kama pumzi ya mtoto aliyelala, na ulinuka uji ulioungua. Kadiri tulivyopanda ndivyo ulivyozidi joto. Tulisimama kuongeza maji kila baba alipoona mshale unafikiria kupanda, mimi naruka na kopo na kitambaa cha kufungulia mfuniko, narudi ndani kwenye harufu. Pale kizuizini askari alituambia gari letu linanuka jikoni. Baba akamwambia aendelee na kazi yake.

Langoni walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza. Mama hakwenda nyuma ya nyumba. Aliliweka boksi chini mbele yao, akafungua, na kelele zikatoka. Yule mama mzee akainama, akadonolewa kidole na mmoja wao, akasema, "Haya basi," na kwake hiyo ni hotuba.

Mngedhani hapo nimepata haki yangu. Sikupata. Mwezi wa nane radieta ikalehemiwa, na dukani Ruiru baba akaanza kuwasimulia wateja namna mafundi wa siku hizi hawajui kitu, na namna alivyowaambia waangalie mpira wa hita. "Umeziba," alikuwa akisema. "Kutu ya mzungu." Siku moja nilikuwa nyuma ya kaunta nikipima chumvi, nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ulikuwa uji wa wimbi. Duka zima likacheka. Mzee mmoja alinipa peremende kwa uchangamfu wangu. Baba alicheka kile kicheko cha pembeni. Cucu aliporudi kutoka Murang'a tulimwambia, akasema tatizo ni kwamba uji haukuiva.

Wale kuku wakakua. Wakawa weupe, wajinga, wenye kujiona. Likizo ya mwezi wa kumi na mbili mmoja wao akataga yai, la kwanza la kizungu kijijini. Nilijua lingekwenda kwa mwenyekiti wa kanisa, au kwa baba. Kwetu yai si chakula cha msichana. Asubuhi moja mama aliniita jikoni, akafunga mlango kwa mguu. Alilitoa kwenye sufuria ya chai, akalimenya mwenyewe, akanipa mkononi likiwa bado la moto. Hakutaja kofi, wala sufuria nilizosugua.

"Kula upesi," akasema. "Na usimwambie mtu."

"Nikimwambia," nikasema mdomo ukiwa umejaa, "nani ataniamini?"